Mjomba Aliyekufa kwa Kimeo: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Mwenye Himofilia

Mtoto wa kiume, miezi 8, kilo 8, mzaliwa wa kwanza. Alifikishwa hospitali moja ya mkoani Tanga akiwa amelegea, midomo imepauka, choo cheusi. Siku tatu nyuma alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kochi, mkono ukateleza, akajigonga mdomo. Palipochanika ni kile kiugozi chembamba kinachoshikilia mdomo wa juu kwenye ufizi. Kwa mtoto mwingine damu ingekata kabla mama hajamaliza kumbembeleza. Kwa huyu ilichuruzika, ikakata, ikaanza tena, na usiku akawa anaimeza usingizini. Ndiyo maana shuka hazikulowa na wazazi hawakushtuka mapema. Hemoglobini ilipopimwa ilikuwa 5, na mtoto wa umri huo anatakiwa awe na 11 hivi.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika familia zenye himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi inavyotakiwa. Si faili la mtoto mmoja, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta ni wa nani.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mtoto huyu alikwishatoa taarifa mara mbili kabla ya ule mdomo.

Ya kwanza ilikuwa chanjo ya wiki ya 6. Ile ya paja iliacha uvimbe mgumu uliokaa zaidi ya wiki. Mama aliuliza kliniki, akaambiwa watoto wengi huvimba, amkande kwa maji ya moto. Kweli watoto wengi huvimba, lakini uvimbe wa chanjo hupungua siku ya pili au ya tatu. Unaozidi kukua, ukawa mgumu na kuacha rangi ya zambarau, ni damu iliyojikusanya ndani ya msuli, na maji ya moto huizidisha.

Ya pili ndiyo iliyoumiza watu. Kuanzia mwezi wa nne mtoto akawa na mabaka ya bluu kwapani na mbavuni, mengine yakiwa na umbo la vidole kabisa. Bibi mzaa baba akasema wanga wanamchezea usiku, atafutiwe kinga. Baba hakuamini wanga, akaamini jambo baya zaidi: kwamba dada wa kazi anamfinya mtoto wakiwa kazini. Binti akafukuzwa siku hiyohiyo, mshahara nusu. Mabaka hayakuisha alipoondoka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Hesabu yake ni rahisi: mtoto wa miezi minne huanza kunyanyuliwa kwapani, kurushwa, kuchezeshwa na kila mgeni. Vidole vya baba yake mwenyewe vilitosha kuacha alama zile.

Hapa napenda kusimama kidogo. Mtoto mwenye mabaka yasiyoelezeka anapofika hospitali, mhudumu ana haki ya kuwaza kwamba anapigwa nyumbani, na wajibu wa kumlinda. Lakini kabla ya kumwita mtu wa ustawi wa jamii, au pamoja na kumwita, achukuliwe damu ya kupima uwezo wa kuganda. Vipimo viwili vya bei ya kawaida vinatosha kuanzia.

Sasa tuje kwenye swali lililoharibika. Alipolazwa, mama aliulizwa kama inavyoandikwa kwenye fomu: "Kwenu kuna historia ya ugonjwa wa damu?" Akajibu hakuna. Hakudanganya. Kwake ugonjwa wa damu ni selimundu, au upungufu wa damu, au ule wa kunong'ona. Fomu ikajazwa "hakuna", mtoto akatundikiwa damu, akapanda rangi, na usiku ufizi ukaanza tena kuvuja.

Kesho yake zamu ilishikwa na muuguzi mtu mzima. Hakumuuliza mama. Alimwendea bibi mzaa mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na kapu la uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na kuuguza. Mama, katika wanao, yupo wa kiume ambaye hakuishi?"

"Yupo. Huyu binti ndiye aliyemfuatia. Alikatwa kimeo, damu ikakataa kukata. Siku ya nne tukamzika. Walisema kijicho, maana alikuwa mtoto wa kupendeza."

"Na kaka zako wewe?"

"Mmoja alikuwa kiwete wa goti. Linavimba, linalala, linavimba tena, mpaka likagoma kunyooka. Naye hakufika mbali, alikufa kijana."

Kwa dakika mbili historia yote ya ugonjwa ilikuwa mezani. Ilikuwepo siku zote, ila imehifadhiwa kwa majina mengine: kimeo, kijicho, uwete. Mtu anayetaka kuijua himofilia katika familia zetu asiulize juu ya damu wala juu ya ugonjwa. Aulize wanaume wa upande wa mama. Nani alivuja damu akitahiriwa? Nani aling'olewa jino akalazwa? Nani alikufa mdogo, na ilisemekana ni nini? Nani goti au kiwiko chake kilipinda bila ajali? Na amuulize bibi, kwa sababu mama mwenye miaka ishirini na kitu mara nyingi hakuambiwa kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Lakini bibi kutokumbuka kitu hakumtoi mtoto hatarini. Takriban theluthi moja ya watoto wenye himofilia huzaliwa katika familia isiyo na kisa hata kimoja, kwa sababu badiliko la jeni limetokea upya. Fomu ikiwa tupu na damu haikati, mwenye kuaminiwa ni damu.

Vipimo viwili vya kuganda damu vikafanyika. Cha APTT kilitoka kirefu mno, yaani damu ilichelewa kuganda. Cha PT kilikuwa sawa, chembe sahani zilikuwa za kutosha. Mtoto akapewa rufaa kwenda Muhimbili, kama kilomita 350, na huko kiwango cha fakta ya nane, moja ya protini zinazogandisha damu, kikasomeka chini ya asilimia 1. Hiyo ni himofilia A, na ni kali: chini ya asilimia 1 huitwa kali, 1 hadi 5 ya wastani, 5 hadi 40 hafifu. Himofilia A humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 wa kiume wanaozaliwa, popote duniani, weusi kwa weupe. Ndugu yake, himofilia B, hutokana na upungufu wa fakta ya tisa na ni adimu zaidi.

Daktari aliwaeleza wazazi hivi: damu inapotaka kuganda, fakta zake hupokezana kazi kama watu waliojipanga kupitisha ndoo za maji kuzima moto. Kwa mtoto wenu, mtu wa nane hayupo. Wengine wote wapo, wana nguvu, lakini ndoo inaishia kwa wa saba. Maelezo hayo yana kasoro zake, maana namba za fakta hazifuati mpangilio wa kazi, ila baba aliyaelewa, na aliyarudia nyumbani bila kuyapotosha.

Alichokirudia kwa kukipotosha ni kile cha urithi. Jeni ya fakta ya nane iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine humsaidia, naye huwa mchukuzi. Mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama yake. Kila mtoto wa kiume wa mama mchukuzi ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na ugonjwa, na kila wa kike nusu kwa nusu ya kuwa mchukuzi. Mama huyu, mwenye kaka na mtoto wenye himofilia, ni mchukuzi bila shaka. Baba alivyofika nyumbani sentensi ilikuwa imeshakuwa fupi: "Ugonjwa umetoka kwao."

Ndoa nyingi huvunjika kwenye sentensi hiyo. Hii haikuvunjika, lakini ilikaa wiki kadhaa mama akiwa kwao na mtoto, wazee wakienda na kurudi. Kilichosaidia hakikuwa mawaidha ya uvumilivu. Kilichosaidia ni siku waliporudi kliniki, daktari akaagiza kipimo cha fakta ya nane cha mama mwenyewe, kikaja asilimia 32. Neno "mchukuzi" huwafanya watu wamwone mama kama gari lililobeba mzigo wa mwingine. Asilimia 32 maana yake naye damu yake ni pungufu. Hedhi nzito alizozizoea tangu usichana, damu nyingi ya baada ya kujifungua iliyomtia kizunguzungu siku mbili, vyote vikapata maelezo. Baba alisikia hayo mbele ya daktari, na tangu hapo alianza kuuliza dawa za watu wawili. Naona kila mama mchukuzi apimwe kiwango chake, na si kwa ajili ya kuokoa ndoa. Akihitaji upasuaji kesho, hiyo namba ndiyo itakayomlinda.

Nyumbani ndiko kwenye kazi yenyewe, na hapa wazazi hawa walianza kwa kupitiliza. Mtoto akalazwa katikati ya mito, hashuki chini, habebwi na mtu mwingine ila mama. Baada ya mwezi mmoja alikuwa mzito, mguu haujui kukanyaga, analia akiwekwa sakafuni. Muuguzi wa kliniki hakucheka. Aliwaambia kwamba msuli wenye nguvu ndio unaolinda kiungo, na mtoto asiyetambaa atakuja kutembea kwa magoti dhaifu, ndiyo yatakayovuja. Basi wakaondoa meza ya kioo, wakatandika mkeka mnene juu ya sakafu ya saruji, mama akamshonea suruali zenye sponji magotini. Kigari cha kujifunzia kutembea walikigawa, maana hupinduka kwenye vizingiti. Mbeleko ilibaki, haina tatizo. Kunyanyua ikawa kwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, si kwapani. Alama ndogondogo za bluu kwenye miguu ya mtoto anayetambaa wakaambiwa wazizoee, hizo hazitibiwi.

Kisichozoeleka ni kichwa, na juu ya kichwa sheria ni moja: dawa kwanza, picha baadaye. Mtoto akidondoka kitandani akagonga kichwa, haingojwi atapike, haingojwi asinzie, haingojwi foleni ya CT. Anapewa fakta, ndipo mengine yafuate. Hesabu aliandikiwa mama kwenye karatasi: uniti moja kwa kila kilo hupandisha fakta ya nane kwa asilimia 2. Kwa kichwa inatakiwa ifike 100, kwa hiyo uniti 50 mara kilo 8, yaani uniti 400. Vichupa huja vya 250 na 500, atapewa chote cha 500, hakuna kumwaga kinachobaki. Nusu ya nguvu yake huisha ndani ya saa 8 hadi 12, na kwa mtoto mchanga mapema zaidi, kwa hiyo dozi hiyo inawanunulia muda wa safari tu. Kama fakta haipo kabisa, hospitali yenye benki ya damu iulizwe krayo, mazao ya plazma (maji ya damu) ambayo kila mfuko hubeba uniti 80 hivi. Mifuko mitano ingefika mahali hapo. Krayo haisaidii himofilia B, na haijasafishwa virusi kama fakta ya kichupa, lakini usiku wa dharura ni bora kuliko kukaa mikono mitupu.

Familia ilipewa kichupa kimoja cha akiba. Nyingi ya dawa hizi huvumilia joto la chumba kwa miezi kadhaa, ila Tanga ya mwezi wa pili inavuka nyuzi 30 bila kuomba ruhusa, kwa hiyo kikawekwa kwenye friji la duka la jirani, nyuma ya soda. Mwenye duka alielezwa ni nini na simu ya nani ipigwe umeme ukikatika usiku kucha. Pamoja na kichupa kuna barua ya kliniki, kopi tatu: ya mama, ya baba, na ya dada mpya wa kazi. Huyu wa mwisho ndiye anayeshinda na mtoto, na ndiye aliyefundishwa vizuri kuliko wote. Wa kwanza alipigiwa simu na mama, akaombwa radhi na kutumiwa mshahara wake uliobaki. Kurudi alikataa, na nani angemlaumu.

Barua inasema mambo yanayopaswa kusomwa na mhudumu yeyote atakayempokea: asichomwe sindano ya msuli, diklofenaki ikiwemo, asipewe aspirini wala ibuprofeni, homa na maumivu ni parasetamoli, mdomo ukivuja apewe traneksamiki asidi, dawa ileile wakunga wanayoijua kwa wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua. Chanjo zisisimamishwe. Sindano iwe nyembamba, ya chini ya ngozi pale chanjo inaporuhusu, na pakandamizwe bila kusugua kwa dakika 5 hadi 10. Ile ya surua na rubela ya mwezi wa 9 alichomwa hivyo na hapakuvimba.

Tuliyoyasema mpaka hapa yanahusu kumaliza damu iliyokwisha kuvuja. Mtoto huyu alipata nafasi ya kuzuia. Shirikisho la Himofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na kuwa na makao yake Montreal, huendesha mpango wa dawa za msaada, na miongoni mwa dawa hizo imo emisizumabu. Si fakta, ni kingamwili iliyotengenezwa ikafanya kazi ya ile ya nane kwa kuziunganisha jirani zake, ya tisa na ya kumi. Huchomwa chini ya ngozi: kila wiki kwa wiki 4 za kwanza, kisha kwa kipimo cha chini kila wiki, au kwa kipimo kikubwa zaidi kila wiki 2 au 4. Kwa mzazi aliyewahi kuona wauguzi wanne wakitafuta mshipa kwenye kiganja cha mtoto mnene, hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Ina mtego wake. Emisizumabu hukifanya kipimo cha APTT kitoke kizuri kabisa. Mtoto akipelekwa hospitali isiyomjua, akapimwa, mtu mwenye nia njema anaweza kumwambia mama kwamba mtoto amepona, fakta haihitajiki. Hajapona. Akigonga kichwa bado anahitaji fakta. Jambo hilo limeongezwa kwenye barua kwa wino mwekundu. Na bado lipo suala la mwili kuikataa fakta: hadi watoto 3 kati ya 10 wenye himofilia A kali hutengeneza kingamwili dhidi yake, hasa katika mara 20 hadi 50 za mwanzo wanazopewa. Huyu amepewa mara chache, kwa hiyo atapimwa tena na tena.

Nimeacha mwisho mambo ya visu. Kwa watoto wetu visu ni vingi: kimeo, chale, kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, kunyoa nywele siku ya saba kwa wembe, na jando. Vitatu vya mwanzo havina faida kwa mtoto yeyote, mwenye himofilia au asiye nayo. Kikohozi hakitoki kwenye kimeo, na lile jino jeupe linaloonekana ndani ya ufizi wa mtoto mwenye homa ni jino lake la kawaida linalojiandaa kutoka. Juu ya hayo bibi mzaa mama hakuhitaji kushawishiwa. Alishamzika mmoja. Nywele zilishanyolewa, bahati njema bila kumkwaruza.

Jando lilikuwa gumu, kwa sababu lina heshima. Babu mzaa baba alikwishataja mwezi. Baba alimwendea na imamu wa msikiti wao, si na daktari, na nadhani alichagua vizuri. Imamu alimweleza mzee kwamba wanazuoni wa fiqhi hawakumlazimisha kisu mtu anayehofiwa kudhurika, atangojwa mpaka patakapokuwa na usalama. Tahadhari hiyo ni ya kale. Talmudi ya Wayahudi ilimsamehe tohara mtoto ambaye ndugu zake wawili walikufa kwa kutahiriwa, na tabibu az-Zahrawi wa Andalusia, zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wakijeruhiwa damu yao haikomi mpaka wafe. Mzee alikubali kungoja, kwa sharti la kupewa tarehe. Tarehe hiyo itatolewa na kliniki, itakapokuwa na fakta ya kutosha ya siku ya upasuaji na siku zinazofuata mpaka kidonda kipone.

Na yupo mtu mwingine katika kisa hiki, ambaye hakuna aliyemkumbuka mpaka muuguzi yule alipouliza mama ana wadogo wangapi wa kike. Mmoja tu, mama mdogo wa mtoto, na alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kwa kuwa bibi ni mchukuzi, yeye naye alikuwa na nafasi nusu kwa nusu. Alipimwa, akakutwa na asilimia 41. Kiwango hicho ni cha kutia shaka, maana ujauzito hupandisha fakta ya nane, na 41 wakati wa mimba huenda ni ndogo zaidi baada yake. Akachukuliwa kama mchukuzi. Ikaandikwa kwenye kadi yake ya kliniki: ajifungulie hospitali kubwa, asivutwe mtoto kwa mashine wala koleo, damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe, mtoto asichomwe msuli kabla ya majibu, na mama aangaliwe damu kwa wiki kadhaa, si siku moja, kwa sababu fakta iliyopanda hushuka baada ya kujifungua.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Ndugu walishusha pumzi, wakasema basi, yameisha. Kliniki imemwandikia binti huyo apimwe kiwango chake kabla ya upasuaji wowote na kabla hajavunja ungo.